Pampu za Wadudu na Kopo la Bibi Mwanaamina

Kasulu,
24 Juni 2024

Kwa mume wangu Nurudini,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumaini u mzima, unakula, unalala, na hujapata mwanamke wa huko Kibondo wa kunipindua. Mimi mkeo sijambo. Kifua kimetulia, na macho yanasoma vizuri ilimradi niishike karatasi mbali kama mtu anayeogopa kuungua. Tatizo ni mguu, na ndio ulionifanya nichukue kalamu. Kwenye simu nikitamka neno kidonda tu unaanza kunihutubia, nami nabaki nasema haya, haya, mpaka mtandao unakata. Barua haimkatizi mtu.

Aliyenijeruhi ni mbuzi wa Idd. Jirani yetu Mwatumu aliniomba nimshikie kamba wakati mchinjaji anamalizia nyumba ya pili. Nadhani yule mbuzi alikuwa na akili kuliko sisi, maana alinitazama, akaitazama njia, kisha akanirushia teke. Ukwato ukanichana juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Alijilipizia kisasi mapema, na mimi nyama yake niliila mpaka nikalamba vidole, kwa hiyo tulitoka sare.

Kidonda nilikitibu mwenyewe siku ileile. Kopo letu unalijua, umekua ukiliona juu ya kabati, lile la maziwa ya unga. Wanawake wa mtaa wakipona, vidonge vinavyobaki haviachwi vikaharibika majumbani, vinaletwa kwangu mweka kopo. Anayeugua anakuja, namchagulia, anaondoka na dua. Basi nilichukua rangi mbili, nikazifungua, nikanyunyiza unga wake kwenye kidonda kama tulivyozoea, na nyingine nikameza. Juu kikakauka vizuri. Baada ya siku chache ukoko ukainuka, chini yake maji. Nikanyunyiza tena, kikakauka, kikalia tena. Ndivyo tunavyoishi, mimi na yeye.

Sasa wewe unayekaa na darubini maabara kutwa nzima, nitumie rangi mbili zenye nguvu zaidi, niweke na akiba kwenye kopo. Wateja wangu wa Rungwe Mpya hawajaona vitenge tangu Idd. Unajua sina meza sokoni wala mlango wa kufungua asubuhi. Duka langu ni miguu hii miwili, na mmoja umefunga.

Barua nampa Longinus, kondakta wa basi la asubuhi, pamoja na unga wa muhogo na chupa ya mawese.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Kibondo,
1 Julai 2024

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi huku inanifanya nioge kwa kusali. Mawese yamefika, unga umefika, na Longinus amefika na maneno yako ya mdomo pia, kwamba nimekonda. Hajawahi kuniona kabla ya hapo, kwa hiyo sijui alinilinganisha na nani.

Bibi, kidonda cha kwato kinacholia kila baada ya siku chache si cha kuishi nacho. Naomba mambo mawili. La kwanza, usinyunyize tena unga wowote. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, ukifunike kwa kitambaa safi. La pili, uende hospitali waangalie na sukari. Najua utasema foleni ni ndefu. Ni ndefu kweli, lakini wewe kwenye foleni unapata wateja.

Rangi mbili sikutumii. Jumamosi nakuja mwenyewe, nitachukua usaha kidogo nije nao maabara. Nataka kumjua mdudu anayekula mguu wa mke wangu.

Mjukuu wako na mumeo,
Nurudini


Kibondo,
22 Julai 2024

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na Mwatumu na wenzako wote wa mtaani hawajambo. Mimi tangu nilipoachana nawe sijambo. Usaha wako niliupakata mapajani ndani ya boksi la barafu kutoka Kasulu mpaka hapa, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza nimebeba samaki gani. Nikamwambia ni wa bibi. Akasema bibi yangu ana bahati ya mjukuu.

Kazi nimeimaliza, na nitakueleza yote, kwa sababu uliniambia nisikufiche kitu kama mtoto. Usaha niliupaka kwenye sahani yenye chakula cha wadudu, nikawaacha waote. Juu yake niliweka vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayowaweza wadudu huacha duara tupu kuzunguka karatasi yake, hawasogei hapo. Nilipofungua asubuhi nikakuta duara hapa, duara pale. Lakini kwenye karatasi ya tetrasaiklini, ndizo rangi mbili zako, wadudu walikuwa wameota mpaka ukingoni, wameizunguka kama watu wanaoota moto.

Nikuambie kwa nini. Mdudu mmoja ni nyumba ndogo mno, na ndani ana jiko lake. Rangi mbili kazi yake ni kuingia jikoni na kuzuia upishi. Asipopika hakui wala hazai, na damu yako inammaliza taratibu. Ila hawa wa kwako wana pampu ukutani. Sikutolei mfano, Bibi, pampu ipo kweli, imejengwa kwenye utando unaomzunguka mdudu, ndogo kiasi kwamba hata darubini yangu haiioni. Dawa ikishapenya ndani, pampu inaikamata na kuitupa nje kabla haijafika jikoni. Inatoka nzima kama ilivyoingia. Wewe unanyunyiza, wao wanatema.

Na kunyunyiza kwenyewe ndiko kulikowapendelea. Dawa ikiingia kwa kipimo chake na kwa muda wake, inawamaliza wadudu wengi kabla hawajajipanga. Ikiingia kidogo kidogo, wanakufa wale wasio na pampu, na wenye pampu wanarithi kidonda chote. Sisi kazini tunaita usugu wa dawa. Hao ulionao ni wadudu sugu wa kwenye kopo.

Habari njema ni kwamba kuna dawa nyingine iliyoacha duara kubwa. Nimeshazungumza na daktari wenu, yule dada aliyehamishiwa hapo kutoka Iringa, naye atakuandikia. Sukari yako amesema haina neno. Vidonge utakavyopewa ni vya kwako wewe, meza mpaka viishe hata kama kidonda kimefunga na unacheza ngoma.

Mumeo,
Nurudini


Kasulu,
5 Agosti 2024

Kwa mume wangu Nurudini, mtaalamu wa usaha,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, mara ya mwisho kwa sauti, mbele ya Mwatumu na Mwalimu Elieth, yule Mnyakyusa anayepanga nyumba ya nyuma. Tumekuelewa vizuri kuliko unavyodhani. Elieth amechora hata picha ya nyumba ya mdudu, akaweka jiko na pampu, na Mwatumu akauliza choo kiko wapi.

Nimewawazia sana hawa wadudu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao hata maji ya kunywa hawampi, anapokelewa na kutolewa kwa mlango uleule. Nina wifi yangu mmoja Ujiji ana tabia hiyohiyo, nami sikujua kwamba ana wenzake mguuni mwangu.

Dawa mpya nilipewa na imenitendea mema. Usaha umepungua, uvimbe umeshuka, nimeweza kuvaa kiatu. Jumatano nilifika Rungwe Mpya kwa kupanda bodaboda tu ya kwenda, kurudi nikatembea kipande. Niliuza vitenge vyote vya rangi ya bluu. Watu walinipokea kama nimetoka Makka.

Na baraka hiyo sikuila peke yangu. Mwatumu alikuwa na jipu kwapani linamnyima usingizi, maskini, hata kufua hawezi. Nilipoona mguu umekaa vizuri, vidonge vilivyobaki nikampa yeye nusu, na nusu nikaweka kwenye kopo. Dawa yenye nguvu namna ile si ya kuimaliza mtu mmoja. Kutoa ni moyo. Jipu lenyewe limeanza kunywea, na anakuombea dua upate mke mdogo mwenye adabu.

Nakutumia maharage na kitenge kimoja cha kufanya pazia, maana Longinus anasema dirisha lako liko uchi.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Kibondo,
9 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Nimesoma kwamba umegawa dawa na nimekaa na barua yako mkononi sijui nifanye nini. Nilikuandikia umeze mpaka viishe. Daktari alikuambia. Kwenye bahasha iliandikwa. Wadudu waliobaki mguuni ni wale wagumu kuliko wote, walikuwa wanakaribia kufa, na wewe ukaenda kuwanyang'anya kifo ukampa Mwatumu. Naye kwa nusu yake hakupona, amefundisha wadudu wa jipu lake mchezo huohuo.

Lile kopo si msaada. Ni shule ya wadudu, na mwalimu mkuu ni wewe. Siku watakapokukata mguu, usiniite mume nikushike mkono.

Nurudini


Kibondo,
6 Septemba 2024

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo, Bibi. Shikamoo tena. Hali yangu si nzuri, ingawa siumwi.

Tangu nilipoandika ile barua sijapata neno lako. Kila basi likiingia naenda stendi. Longinus anashusha mizigo ya watu, ananitazama, anatikisa kichwa. Nikimuuliza anasema huji tena stendi, na wewe ndiye unayejua majina ya watoto wote wa makondakta. Simu ukaipokea mara moja, ukasema uko msikitini, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Halafu juzi boksi la barafu lililetwa kutoka Kasulu. Kulikuwa na vichupa vya wagonjwa kadhaa. Nikachukua cha kwanza nisome jina, nikakuta Mwanaamina Shamsi, kidonda cha mguu wa kulia. Barua yako haikuja, Bibi. Ulikuja usaha wako. Nilikaa chini pale sakafuni kati ya meza na jokofu, na bosi wangu Lusajo akadhani nimevunja kitu.

Nimeuotesha mwenyewe, sikumruhusu mtu mwingine aguse. Ile dawa ya pili, iliyokuwa na duara kubwa, sasa duara lake limekuwa dogo kama kifungo cha shati. Pampu nyingine hazichagui mgeni, zikizidi kujengwa zinatupa nje dawa za aina nyingi. Waliobaki mguuni mwako ni wale waliojaza pampu kwenye kuta zao. Ipo dawa moja ya sindano ambayo duara lake bado ni pana, na vidonge vya dawa ya ukoo mmoja nayo. Pampu zao haziiwezi. Daktari ameshapata majibu yangu, ameniambia umelazwa, na nimemsihi asikuruhusu kutoka wodini mapema.

Kuna jambo jingine sikukueleza mwanzoni, na ninakueleza kwa sababu naona utalielewa kuliko mtu yeyote. Wadudu hawajifungii na ujuzi wao. Mdudu mwenye pampu anaweza kumgawia jirani yake maelekezo ya kuijenga, hata kama jirani si wa ukoo wake. Wanakutana mahali, wanashikana, mmoja anapitisha, mwingine anapokea, na kesho wote wawili wanayo. Nao wana kopo lao, Bibi. Mitaa yote ya wadudu inachangia humo. Kila tukigawana dawa nusu nusu, wao wanagawana pampu nzima.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Maneno yale ya mwisho kwenye barua yangu yalikuwa ya kijinga. Niliandika hivyo kwa kuwa niliogopa, na hata sasa naogopa. Kila mgonjwa ninayemwona anatolewa chumba cha upasuaji hapa namtazama miguu kwanza. Ukinikataa kama mume nitakubali talaka, lakini nijibu kama bibi.

Mjukuu wako,
Nurudini


Wodi ya wanawake, Kasulu,
15 Septemba 2024

Kwa mjukuu wangu Nurudini,

Marahaba. Barua yako ilifika na naijibu nikiwa nimekaa kitandani, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Nimepata sindano za ile dawa, mkono wa kushoto umevimba kidogo kwa kuchomwachomwa, na homa imeondoka. Nakula. Mwatumu analeta uji, na Mwalimu Elieth analeta ndizi za kwao zilizopikwa na maziwa, chakula cha ajabu kidogo lakini kinashuka.

Talaka sitoi. Mtu wa umri wangu akiacha mume atampata wapi mwingine mwenye mshahara.

Lakini ulinikera, na sitaki ubaki unadhani nilinuna kwa sababu ya mguu. Ulisema lile kopo si msaada. Hukujua lilikotoka, na kosa ni letu, hatukukusimulia. Wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila bado ina watu, babu yako alishikwa na nimonia. Mvua zilikuwa zimekata barabara, zahanati haina kitu, daktari anatutazama tu. Nilikuwa na rafiki kambini, Mrundi, Nkunzimana, nilikuwa namuuzia vitenge naye ananiuzia vikapu. Aliposikia, alikuja kwa miguu. Alifika ameloa, akafungua ncha ya kitenge chake, ndani mna vidonge. Mwanawe alikuwa amepewa kambini, yeye akambakizia babu yako. Babu yako akapona, ukamjua, akakufundisha baiskeli. Wale walirudi kwao, sijui kama mtoto yule aliishi vizuri. Kopo nililiweka kwa ajili ya mama huyo. Kwa hiyo uliposema ni shule ya wadudu, nilisikia umemtukana Nkunzimana.

Daktari wa Iringa alikuja kukaa kitandani kwangu. Ana sauti ndogo lakini hazunguki. Alisema ugonjwa umekaribia mfupa, na sindano zisipofanya kazi wataanza na vidole, na huenda wakafika kwenye kifundo. Nilimwuliza mtu anauzaje vitenge akiwa na mguu mmoja. Akaniambia anauza akiwa amekaa. Usiku ule nililia, Nurudini, nakuambia bila kuona haya. Sijawahi kuuza nimekaa.

Siku ya pili barua yako ikaja. Niliwaita wanawake wa kopo, wakaja wodini wengi mpaka sista akawafukuza nusu, wakarudi kwa mlango wa nyuma. Niliwasomea ile habari kwamba wadudu nao wana kopo lao. Mwatumu akainua mkono, akasema jipu lake limerudi, sasa yako mawili, alikuwa anaona aibu kusema kwa kuwa dawa ilikuwa zawadi. Mwingine akasema mkojo unamchoma tangu Ramadhani na kila mara amemeza za kopo, zinatuliza, kisha unarudi. Nikaanza kuhesabu waliokuja kwangu mwaka huu kwa ugonjwa uleule, nikaacha kuhesabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tunayaficha pamoja.

Ndipo Mwatumu akauliza swali ambalo hata wewe na sahani zako hulijibu. Alisema, "Sasa tusipogawana dawa, tutapendana na nini?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Elieth ndiye aliyejibu, na nimeandika kama alivyosema: "Kidonge hakigawanyiki. Tumgawie mgonjwa macho yetu. Kila anapomeza, mmoja wetu awepo anamwona, mpaka vya mwisho."

Wamekubaliana hivyohivyo. Vilivyokuwemo kwenye kopo Elieth amevipeleka kwa mfamasia wa hospitali vikateketezwe. Mwatumu amepimwa naye, ana vidonge vyake. Wiki hii nikitoka na vyangu, watakuja zamu nyumbani, asubuhi na jioni. Nimewaambia mimi si mtoto. Wameniambia mtoto ana nafuu, anatema mbele ya watu.

Nimekusamehe. Nawe nisamehe kwa ule msikiti wa saa nne asubuhi.

Bibi yako


Kibondo,
30 Septemba 2024

Kwa Bibi yangu, mke mkubwa asiye na talaka,

Shikamoo. Mimi sasa ni mzima kweli. Nilisoma barua yako nikiwa kazini, nikaisoma tena kwa Lusajo kwa sababu aliniona nafuta macho. Nikamsomea na ile ya mwezi wa nane, na aliposikia habari za choo cha mdudu alicheka mpaka akakaa. Anasema mkija Kibondo anawataka wanawake wa kopo wote, awape makoti meupe.

Habari ya Nkunzimana sikuijua. Nimekaa nayo siku hizi zote. Huyo mama sikumtukana na sitamtukana, kwa sababu bila yeye nisingepanda baiskeli. Alitoa alichokuwa nacho. Ningekuwa mimi na babu anahema namna ile, ningevipokea vidonge vile kwa mikono miwili.

Naomba uniambie hali ya zamu. Longinus ananipa habari lakini simwamini, anasema jioni kwako kumekuwa kama harusi, mnapigiwa makofi ya Kiha na watu wanapika chai. Kama ni kweli, endeleeni. Sisi hospitalini tunabandika matangazo ukutani miaka yote na hakuna anayetupigia makofi.

Uliuliza kupitia kwake kama wadudu wenye pampu wakishakuwepo ndiyo basi tena, dunia imekwisha. Haijaisha. Pampu inakula nguvu, mdudu anaiendesha kama mtu anavyokanyaga cherehani mchana na usiku. Pasipokuwa na dawa ya kutupa nje, mara nyingi anazidiwa mbio na wenzake wepesi wasio na mzigo huo. Si mara zote, wapo wabishi, lakini mtaa usiochezea dawa unajipa nafasi.

Ndani ya mzigo huu kuna kichupa chenye kijiti cha pamba. Usikifungue, mpelekee sista. Ukimaliza vidonge, achukue majimaji ya kidonda, anitumie kwa boksi la barafu. Daktari anasema hali ni nzuri, lakini nataka kuona mwenyewe kama wamebaki. Hadi nione, silali vizuri.

Mumeo,
Nurudini


Kasulu,
14 Oktoba 2024

Kwa mume wangu Nurudini,

Marahaba. Mvua za kwanza zimeanza, vumbi limelala, na sisi sote hatujambo. Majipu ya Mwatumu yamekwisha, na sasa anainua mkono juu kila akimwona mtu, hata asiyeuliza.

Longinus hakudanganya. Zamu ilianza na mtu mmoja mlangoni, ikaisha na mtaa mzima sebuleni. Wakifika wanaanza salamu za Kiha, mwakeye, mwakeye neza, na makofi, napewa maji, nameza, kisha Elieth ananifungulisha mdomo na kumulika kwa tochi ya simu kama polisi wa mpakani. Siku moja nilikificha kidonge shavuni kwa utani. Hawakuongea nami mpaka kesho yake. Nilipomeza cha mwisho walipiga vigelegele, na majirani wa ng'ambo wakaja kuuliza nani ameolewa. Tukawaambia ni mimi, tena na yuleyule.

Jumatano nilikwenda Rungwe Mpya. Nilikwenda kwa miguu na nikarudi kwa miguu, mzigo kichwani, na pale kwenye mteremko nikampita kijana mwenye baiskeli iliyotoboka. Barua hii nimemletea Longinus stendi mwenyewe.

Kichupa chako nakurudishia. Nilimpelekea sista kama ulivyoagiza. Akaugeuza mguu huku na huku, akaubonyeza, akauleta kwenye mwanga wa dirisha, akasema hapa hakuna pa kupitisha kijiti, ni ngozi tu. Nikamwomba atafute vizuri, kwa sababu mume wangu ameagiza kutoka mbali na mimi sijazoea kumnyima kitu. Akatafuta tena, akamwita na daktari, wakatafuta wote wawili.

Nisamehe, mume wangu. Safari hii sina cha kukutumia.

Mkeo mkubwa,
Bibi